Sahihi ya Upande wa Mashariki

Mama yangu hajui kuomba. Anajua kuuza, kununua, kukemea na kusali, lakini kuomba hakufundishwa. Mimi Wema, binti yake, nimerithi ulimi wake bila kurithi subira yake, ndiyo maana wiki ile ya wapima ardhi mimi nilikosa usingizi na yeye alikoroma.

Tunakaa Bustani, mtaa wa juu mlimani ambao watu wa mjini wakikuonyesha kwa kidole husema "kule kwa wakubwa." Huku kuna mageti ya chuma, matenki ya maji na mbwa wenye kadi za chanjo. Kuna Waha waliostaafu serikalini, Wachaga wenye vyuo na maduka ya dawa, Waarabu wa Ujiji waliopandisha mali zao mlimani, na mzungu mmoja wa shirika la wakimbizi ambaye hubadilika kila baada ya miaka miwili. Huyo mzungu akifika hupelekewa ndizi na parachichi siku ya kwanza. Sisi tulipofika, tulipelekewa mjumbe kuuliza tumetoka wapi.

Tumetoka Katonga. Mama, Mariana Asumani, alizaliwa pale pale mwaloni, mitumbwi inapofikia. Baba yake alivuka ziwa kutoka Fizi, nchi ya ng'ambo, akiwa kijana, akaoa, akazaa na akazikwa huku. Mama ana kitambulisho cha taifa na amepiga kura tangu apate umri. Alianza na beseni moja la dagaa kichwani, leo ana mitumbwi minne na lori linalopeleka mzigo Dar es Salaam. Lakini akifungua mdomo, Fizi inasikika, kwa sababu Kiswahili alifundishwa na mama yake, na mama yake alikuja nacho kutoka ng'ambo.

Mwaka ule ziwa lilipojaa, maji yaliingia nyumba yetu ya Katonga bila hodi. Tulitoa vitanda, kabati na picha ya marehemu baba, tukawaachia samaki kuta. Tukapanga vyumba viwili Katubuka, na huko ndiko mama alikoniambia kwamba nyumba yake inayofuata itakuwa juu, na itakuwa na hati.

"Ziwa halikuniuliza karatasi," alisema. "Lakini batu wataniuliza."

Akanunua kiwanja Bustani kwa warithi wa daktari mmoja, akajenga, tukahamia. Hati haikuwepo, kwa sababu mtaa mzima ulijengwa kabla ya kupimwa. Wakubwa nao walivamia mlima kama watu wengine, tofauti ni kwamba wao walivamia na ramani mkononi.

Kwa miaka miwili majirani walitupita. Sisemi walitutukana, maana watu wa huku hawatukani. Tukiwasalimia waliitikia kwa midomo tu na macho yakaenda kwenye simu. Harufu ya dagaa ilisemwa sana, ingawa mama hakuwahi kupandisha hata kisado kimoja mlimani. Kazi yake yote iko ufukweni. Siku moja tulikuwa tumepika maharage, na jirani yetu Bi Agnesi akafunga dirisha.

Ndipo wakaja wapima. Kampuni ya upimaji ilipewa kazi ya kurasimisha mtaa mzima, na mwenyekiti wetu, Bwana Pastory, akatangaza kwamba kazi itafanyika Ijumaa. Kila mwenye kiwanja alipewa fomu. Juu unaandika jina lako, chini majirani wanaopakana nawe wanasaini kwamba wanakutambua na hamgombanii mpaka. Fomu ikikosa sahihi moja, kiwanja kinaandikwa kuwa kina mgogoro na kinawekwa pembeni. Kiwanja kilichowekwa pembeni ni kama mgonjwa aliyeambiwa arudi kesho, na mimi ni muuguzi, najua kesho hiyo huwa ndefu kiasi gani.

Sisi tulihitaji sahihi tatu, kwa sababu kusini tumepakana na barabara. Magharibi, chini yetu, ni kwa Bwana Nassoro, mfanyabiashara wa mabati. Kaskazini ni kwa Bi Agnesi, mkufunzi wa chuo. Mashariki, juu yetu, ni kwa Mzee Bonaventura, mzaliwa wa Kidahwe na afisa wa forodha mstaafu, ambaye mtaani Bustani hakuna jambo linaloanza kabla hajakohoa.

Bwana Nassoro alisaini amesimama getini. Akaniambia kwa sauti ya chini kwamba babu wa babu yake kazikwa Ujiji, na bado kila akienda ofisi mpya anaulizwa kwao ni wapi. Kisha akaniomba nisiseme kwamba yeye ndiye aliyesaini wa kwanza. Nilimshukuru, lakini sikumpenda kwa ombi hilo.

Bi Agnesi alisema atasaini akishaona jina la Mzee.

Kwa Mzee tulikwenda wawili, Jumatatu jioni. Mama alimwamkia shikamoo, akaitikia, akatuonyesha viti vya barazani na hakuita maji wala soda. Aliisoma fomu yetu mbele na nyuma, akairudisha mezani na kuisukuma kwa kidole kimoja.

"Mimi nimekaa mpakani miaka thelathini na moja, mama," alisema. "Siwezi kuthibitisha mtu nisiyejua ametoka wapi. Kesho uhamiaji wakiniita, nitasema nini?"

"Nimetoka Katonga, mzee. Ukisimama hapo kwenye nguzo unapaona."

"Katonga wanatokea wengi."

Alisema vile bila ukali, kwa sauti ya mtu anayekufahamisha kwamba basi limeshaondoka. Mama alichukua fomu yake, akaikunja mara mbili, akaaga vizuri.

Siku ya pili Bwana Pastory alikuja na ushauri. Yeye si mtu mbaya. Ni mtu wa kupenda mambo yaishe. Alisema njia rahisi ni mama kuandikisha kiwanja kwa jina la mwenyeji anayeaminika, halafu mambo yakitulia wabadilishane ndani kwa ndani. Hata mtu alikuwa naye tayari. Mama alimsikiliza hadi mwisho, akamtilia chai ya pili, kisha akamuuliza jina la Mariana lina kosa gani. Pastory alikunywa chai akaondoka.

Jamaa zetu wa Katonga nao walitaka kusaidia. Mjomba Yakobo alipiga simu kusema anaweza kukusanya wazee ishirini wa mwaloni waje na kofia zao waape mbele ya yeyote. Mama alikataa. Alisema watu wa Katonga hawapakani naye tena, na mpaka huthibitishwa na yule mnayepakana. Nilimwona mkaidi. Nilimwambia hivyo, akaniambia nikamenye vitunguu.

Jumatano nikaenda kwa Bi Agnesi peke yangu, nikiwa nimejiandaa kugombana. Nilimuuliza tumewakosea nini. Alinitazama kwa muda, nikaona kweli anashangaa kwamba siulizi kwa kejeli.

"Wema, si mama yako mwenyewe alisema hatuhitaji?" alisema. "Kwenye kikao cha barabara. Mbele ya watu wote alisema yeye anatosha."

Nikakumbuka kikao chenyewe. Tulikuwa na wiki tatu tu mtaani. Mvua zilikuwa zimechimba barabara hadi magari yanakwama, watu wakakutana uani kwa Mzee Bonaventura, na Pastory akapitisha daftari kuuliza kila mmoja atachangia nini. Ilipofika zamu yetu mama alisimama, akatengeneza kitenge chake, akasema kwa heshima zote: "Ya njia, mimi nitatosha." Akakaa. Watu wakatazamana, mtu akakohoa, daftari likapita kwa mwingine. Nilidhani wameguswa.

Sasa nisikilize vizuri. Nyumbani kwetu kutosha ni kutoa. Nimekua nikiambiwa tosha viatu mlangoni, tosha sufuria motoni, tosha huyo paka. Mama alisimama akasema atatoa mchango wake. Wao walisikia mama mgeni wa dagaa anawaambia, kwa habari ya barabara, yeye peke yake anatosha, wakae na vijisenti vyao. Wiki iliyofuata hakuna aliyekuja kuchukua mchango, basi yeye akaona aibu ya kuahidi bila kutimiza, akaleta malori mawili ya kokoto na kuyamwaga njia panda. Wakaona sasa anawaonyesha. Kokoto zile hazikutandazwa hadi zikaota majani. Kumbe mtaani mama yangu anaitwa Mama Natosha.

Nilicheka hadi Bi Agnesi akacheka, halafu nikajikuta nalia kwenye kochi lake. Kosa lilikuwa langu pia. Nilikuwa nimekaa ubavuni kwa mama siku ile, mimi niliyesoma shule, mimi ninayewaandikia wagonjwa vyeti, na nililisikia neno lile kwa masikio ya nyumbani. Haikunijia kabisa kwamba lingehitaji mkalimani.

Mama nilimkuta jikoni. Nilipomweleza hakucheka.

"Miaka miwili," alisema. "Juu ya neno moja. Na hakuna hata mmoja aliyeuliza."

Hapo ndipo nilipoelewa kwamba nilikuwa nimeifurahia habari ile upesi mno. Neno lilikuwa dogo. Mzungu wa shirika aliwahi kumwita Mzee Bonaventura "marehemu" akimaanisha "mheshimiwa," na mtaa mzima ulimcheka kwa upendo na kumfundisha. Mama yangu hakufundishwa. Alipachikwa jina.

Hata hivyo Alhamisi asubuhi alipanda kwenda kumweleza Mzee, nami nikafuata nyuma. Na nitasema haki: Mzee alielewa mara moja. Alicheka hadi akavua miwani na kufuta macho. Alitusimulia jinsi alivyochekwa yeye mwenyewe chuoni Dar es Salaam kwa Kiswahili cha Kiha, hadi akawa anakula peke yake. Safari hii soda zililetwa. Akampa mama pole kwa lile jina, akasema atawakanya wanaolitumia. Moyo wangu ukatulia. Mama akafungua mkoba, akatoa fomu.

"Hilo la neno limekwisha, mama," Mzee akasema. "Lakini sahihi ni jambo lingine."

Nilimchukia saa ile kuliko siku zote. Jumatatu alikuwa na kisingizio, alidhani amedharauliwa. Sasa alikuwa amekwisha kutuelewa, amekwisha kukumbuka na chozi lake mwenyewe la ugeni, na bado mkono wake ulibaki mfukoni. Nilifungua mdomo nimwambie hivyo. Mama akanikanyaga mguu chini ya meza, akamalizia soda yake taratibu, akamwambia Mzee asante kwa kinywaji.

Tukiteremka nilimwambia tuite wakili, twende wilayani, twende redioni. Alikuwa ananisikia kwa sikio moja. Tulipofika nyumbani aliniambia nichukue fomu nimsomee. Yeye husoma kwa shida. Anajua namba kuliko herufi. Nikasoma. Akaniambia nirudie. Mara ya tatu alinisimamisha karibu na mwisho, penye maandishi madogo, akaniuliza kama kila mtu mtaani amepewa karatasi yenye maneno hayo hayo. Nikasema ni fomu moja, inachapwa kwa mashine. Akasema vizuri, na usiku ule akalala saa mbili.

Ijumaa wapima walifika mapema, vijana watatu wenye vyombo vyao na dada mmoja mkubwa wao, jina lake Honorata, mwenye buti za tope na sauti ya mtu asiyetaka kupotezewa muda. Walianzia juu, wakiteremka kiwanja kwa kiwanja. Mama alivaa kitenge cha kanisani na akatoka kwenda kusimama kwenye ukuta unaotutenga na Mzee. Nilisimama naye. Majirani kumi na tano hivi walikuwa wanafuata kazi ile kwa miguu, kama watu wanaosindikiza harusi, Bi Agnesi na Pastory wakiwemo.

Walipomaliza kupima kwa Mzee, Honorata akaweka fomu ya mzee huyo juu ya boneti ya gari na kuikagua. Jirani wa mashariki alikuwa amesaini. Wa kaskazini alikuwa amesaini. Kusini ni barabara.

"Magharibi hapana sahihi," alisema. "Jirani wako wa magharibi ni nani, mzee?"

Mzee Bonaventura alitazama ukuta. Nadhani hadi dakika ile alikuwa hajaufikiria ukuta ule kwa upande wake. Wiki nzima ulikuwa ukuta wetu sisi, mashariki yetu, shida yetu.

"Ni huyu mama," akasema.

"Jina lake?"

Hakulikumbuka, ingawa Jumatatu alilisoma kwenye fomu yetu. Miaka miwili anapakana na mtu, na jina alilokuwa nalo ni lile la kejeli ambalo jana tu aliahidi kulikomesha. Niliona shingo yake inabadilika rangi, nami nafsi yangu ilifurahi, sitaficha hilo.

"Mariana Asumani," mama akasema, akasogea garini.

Nilimnong'oneza asisaini. Nilimwambia amwache naye awekwe pembeni, aonje. Mama hakunitazama. Alimwomba Honorata amsomee kwanza anachosaini, kwa sauti, watu wasikie.

Honorata akasoma: mimi, mmiliki wa kiwanja kinachopakana kwa upande wa magharibi, namtambua Bonaventura fulani kuwa jirani yangu na sina mgogoro naye wa mpaka. Mama akachukua kalamu. Aliandika jina lake lote, herufi moja baada ya nyingine, na ilichukua muda ambao hakuna aliyethubutu kuukatisha. Akairudisha kalamu.

"Sasa msomee na mzee ya kwake," akasema. "Ile ya chini, ya maandishi madogo."

Honorata akashusha macho kwenye karatasi, akasoma. Mimi mwombaji nathibitisha kwamba waliosaini hapo juu ndio majirani zangu, na ndio wamiliki wa viwanja vinavyopakana na changu. Nikishuhudia uongo, maombi yangu yafutwe.

Ndipo nami nikaelewa kwa nini nilisomeshwa mara tatu. Bwana Pastory alikohoa. Mzee Bonaventura aliivua miwani yake, akaifuta, akaivaa tena, akaisoma mistari ile mwenyewe, maana ni mtu wa karatasi na anajua karatasi inapombana mtu.

"Mama, hapa umenifunga," alisema polepole.

"Sikukufunga, mzee. Nimekutambua," mama akajibu. "Ungeweza kunitambua Jumatatu ukiwa umekaa. Ukisema miye si mwenye kiwanja, basi na karatasi yako haina jirani wa magharibi, ina pori. Nchi hii nimezaliwa, kiwanja hiki nimekinunua, na sitakiandika kwa jina la mtu mwingine hata ukiniweka pembeni miaka ishirini. Chagua wewe, hawa wanangoja kazi."

Hakupandisha sauti. Angepandisha sauti wangesema si mnaona, watu wa ziwani. Aliongea kama anavyoongea na wanunuzi mwaloni, bei imeshatajwa na haishuki.

Mzee alichukua kalamu. Kisha akasaini fomu yake, chini ya maandishi madogo. Honorata, bila kuuliza ruhusa ya mtu, akachomoa fomu yetu mikononi mwangu, akaiweka juu ya ile nyingine na kumwonyesha kwa kidole: mashariki. Mzee akasaini na hapo. Bi Agnesi akajipenyeza mbele akiomba kalamu, akasema alikuwa anangoja tu. Pastory akatoa muhuri mfukoni, ulikuwemo siku zote.

Nilitaka kufurahi nikashindwa. Hasira yangu ilikuwa haijapata pa kwenda. Mama alikuwa anaipulizia sahihi ya Mzee wino ukauke, kana kwamba ni chai ya mtoto.

Mzee Bonaventura alivuta pumzi, akamnyooshea mkono mbele ya watu wote. Nadhani alikusudia wema. Nadhani hata alikuwa ameona aibu ya kweli, na mtu mwenye aibu hutafuta neno kubwa la kuifunikia.

"Basi, mama," alisema, "karibu sana Bustani."

Mama aliupokea mkono, akaushika.

"Hapana, mzee. Karibu ni ya mgeni," alisema. "Miye unisalimie tu."

Hakuuachia mkono wake. Wapima walikuwa wameshaanza kukunja kamba, na mtu mmoja nyuma alianza kucheka kisha akajizuia. Mzee alimtazama mama yangu usoni, nadhani kwa mara ya kwanza.

"Habari za asubuhi, Mariana," akasema.

"Nzuri, mzee," mama akajibu. "Shikamoo."